Ngazi ya Baba

Ngazi hii haipandi popote.
Imelazwa ghalani juu ya misumari miwili,
vipago kumi na kimoja; cha saba ni kipya,
msonobari mweupe katikati ya wenzake weusi.

Februari, mwaka wa sitini na tatu.
Ufini ilikuwa na amani yake, na bunduki za kambi
zilipakwa mafuta zikalala kama dagaa mkebeni.
Koplo Oiva Pesonen alikuwa jikoni
akimenya viazi vya watu mia mbili,
akasikia injini ikikohoa juu ya ukungu,
ikakohoa tena,
kisha kimya.
Kimya, alisema, ndicho kilichomwinua.

Ndege ilikuwa imetoboa barafu ya ziwa,
mkia nje, pua majini.
Wenye vyeo walisimama ukingoni, wakipima unene kwa macho,
wakingoja amri kutoka kwa waliokuwa wakingoja amri.
Mpishi hakuwa na wa kumuuliza.
Aling'oa ngazi ukutani mwa stoo,
akailaza, akalala juu yake,
akajisukuma kwa viwiko, aproni ingali kiunoni,
barafu ikilia chini ya tumbo lake
kama mlango usiotaka mgeni.

Wa kwanza alikuwa mwanamke, akaulizia viatu vyake.
Wa pili, mzee, hakuuliza kitu.
Wa tatu na wa nne walikuwa wameng'ang'aniana,
akawaburuta pamoja,
na hapo ndipo kipago cha saba kilipovunjika.
Wa tano alitoa mkono dirishani,
mkono wenye nguvu, wa mtu mzima wa afya.
Vidole viligusa vidole.
Ndege ikateremka.

Medali ililetwa na posta, ndani ya kijaluba cha bluu.
Mama alitia vifungo humo;
medali yenyewe sijui aliiweka wapi.
Wageni walipomwita shujaa
baba alitazama mkono wake wa kulia,
vidole vitatu ambavyo baridi ilimwachia,
akawauliza kama wanaongeza viazi.

Sisi watoto tulimhesabia:
mmoja, wawili, watatu, wanne!
Naye alikaa kimya, kijiko hewani,
akisubiri tuendelee.

Jana aliyekuja kununua nyumba
aliuliza bei ya ngazi.
Haiuzwi, nikamwambia. Na kwanza ni fupi.
Akaitazama, akacheka: fupi kwa kiasi gani?

Nikanyoosha mkono.