Mtungi wa Kilema

Alikuja Mwanakwerekwe saa nne, jua limeshapanda,
bwana mwembamba, Pichaiyappa jina lake,
kabeba gunia linalolia vigae.
Wake ulipasuka botini, baina ya Dar na Unguja.
Mtu kaweka begi juu yake, basi.

Hakuuliza bei. Alichuchumaa
akaigonga mitungi yangu mmoja mmoja,
kwa kucha, kwa kiganja, kwa fundo la kidole,
sikio kaliinamisha kama daktari kwenye kifua cha mtoto.
Mizuri yote akairuka:
niliyoinakshi shingoni,
niliyoisugua kwa kokoto hata ikang'aa.
Akenda nyuma ya kibanda
akautoa ule uliokaa upande,
bega moja nene, moja jembamba,
niliokuwa natilia pumba za kuku.
Akaugonga. Akafumba macho.
"Huu," kwa Kiswahili chake cha siku mbili.
Nikamwambia huo kilema, nikampunguzia nusu.
Akalipa kamili, akanipa kikaratasi: njoo usiku.

Ukumbi wa Kiponda, ghorofa ya pili.
Wamekaa chini wote, jukwaani hakuna kiti.
Katikati Bi Alamelu, mwenye sauti.
Kuliani Murugesan na ngoma ya vichwa viwili.
Kushotoni mzee Seshadri na fidla yake,
kaielekeza chini, ncha yake juu ya mguu.
Mimi niliyezoea fidla za taarabu, za mabegani,
nilidhani anaibembeleza ilale.
Nyuma yao Falguni, binti wa Hurumzi,
kazi yake nyuzi nne, zile zile, mwanzo hadi mwisho,
kama jiko lisiloachwa kuchochewa.

Lugha sikuifahamu.
Hata Wahindi wa hapa walitazamana:
si yao, hiyo ya kusini zaidi.
Lakini mkono niliufahamu.
Mama yule anachukua neno moja, bichi,
analikanda, analizungusha,
analivuta juu mpaka ukuta unakuwa mwembamba
nami nabana pumzi, litaanguka,
halianguki, analipa shingo, analipa mdomo.
Na fidla inamfuata nyuma kwa nusu pumzi,
kidole cha mwanagenzi
ndani ya alama ya kidole cha fundi.

Pichaiyappa kafungua vifungo vya shati,
mdomo wa mtungi kaubandika tumboni, tumbo tupu!
Nikainamisha uso. Bibi wa pembeni akacheka.
Kisha mama akanyamaza, fidla ikalazwa,
wakaachiwa wawili, ngozi na udongo.
Ngozi inauliza, udongo unajibu.
Ngozi inafupisha swali, udongo unafupisha,
mpaka yamebaki maneno ya mume na mke usiku.
Shingoni unalia chuma, tumboni mlango wa ghala,
na pale penye bega jembamba, kosa langu,
pale hasa ndipo alipopatafuta,
vidole vikadonoa kama kuku waliomwagiwa mtama.
Watu wanahesabu mapajani: kiganja, kidole, kidole.
Nami nahesabu. Sijui nahesabu nini.

Debe tupu haliachi kuvuma:
nimewahi kumwambia mtu, tena kwa uchungu.
Sijawahi kusikia utupu wenye adabu kama ule.

Asubuhi aliondoka nao, kauvika shuka.
Gunia akaniachia. "Huu wa Manamadurai.
Baba yangu aliupiga. Jaani siwezi kuutupa."

Nimevitwanga vigae kinuni, nikavichekecha,
nikatia konzi moja moja kwenye udongo wangu.
Kigae kilichokwisha uona moto
humshika mkono kinachokwenda kuuona.
Mitungi ile imeuzwa yote, Bububu, Chwaka, Makunduchi.
Watu wanachota, wanakunywa.
Mmoja tu karudi kulalamika:
wake ukiguswa na kata unaimba,
watoto hawalali.
Nikamwambia aulete, nimbadilishie.

Mwezi wa tatu huu. Hajauleta.