Jiwe la Ngora

Asekenye akavua kandambili chini ya mwamba,
akazipachika kiunoni, akasema: jiwe halipandwi kwa raba.
Nikamfuata kwa magoti.

Mvua ya usiku ilikuwa bado imelala vishimoni,
na pimbi mmoja, mnene kama mkaguzi wa shule,
alitutazama, akapiga mluzi, akatoweka ufani.

Nyuma yetu nyundo za wanawake: ko, ko-ko, ko,
kokoto kwa debe, debe kwa karo.
Mamaye alilipasua bega la kilima hiki
mpaka yeye akafika kidato cha nne.

Kileleni, lile jiwe.
Kubwa kuliko ghala la pamba la ushirika,
limekaa juu ya jingine
kama mgeni aliyepewa kiti akakalia ukingo tu,
mguu nje, tayari kuaga.
Nilipitisha unyasi chini yake,
ukatokea upande wa pili.

"Linamngoja nani?" nikauliza.
Asekenye alikuwa ameliwekea kiganja,
si kusukuma; kama unavyompima mtoto homa.
"Mama alisema hili hapana,
hata karo ikipungua."

Tukakaa kivulini mwake, tukala viazi vya jana.
Sikuthubutu kupiga chafya.