Beji ya Genovaitė

Mteja wa dawa ya kikohozi
hakusoma karatasi ya maelezo.
Alisoma kifua changu,
herufi moja moja, kama anayehesabu chenji:
Dau-man-tė.

Nje, Klaipėda yote ilikuwa theluji.
Usiku simu ikanimulika usoni:
«Ukisuka nywele unapendeza zaidi.»

Meneja angesema mteja ni mfalme.
Nikafungua droo,
nikatoa beji ya Genovaitė aliyestaafu,
pini yake imeshika kutu.

Wamesema nguo ya kuazima haisitiri.
Jina la kuazima limenisitiri mwezi mzima;
«Asante, Genovaitė,» nami naitika.

Ila jana mama aliniita kutoka jikoni,
jina langu lote, kwa sauti kubwa,
nikafunika kifua kwa kiganja
kwanza,
ndipo nikaitika.