Mkalimani wa Kengeja

Alivuliwa kofia mlangoni.
Ndilo nililoliona mwanzo: kichwa cha baba
kitupu, chenye mvi nisizozijua,
katika chumba cha mahakama, Mkoani,
na miye nimesimama ubavuni mwa meza,
suruali ya kaki, kalamu sikioni,
mkalimani wa Bwana Disii.

Ngwali bin Kombo, wa Kengeja,
mcheza ng'ombe.

Msiomjua mtamjua kwa ubavu wake:
kovu la pembe, refu kama jani la mnanasi,
aliloliita stakabadhi.
Kiangazi kikikaza, karafuu zikisinyaa mitini,
zumari hulia, wanawake hupanda madunguni,
naye huingia uwanjani na kitambaa kimoja,
halafu humgeuzia ng'ombe mgongo.
Humgeuzia mgongo, yakhe.
Huo ndio ulikuwa uanaume kwetu:
kusikia kwato nyuma yako, usihesabu.

Mimi nilihesabu.
Miaka tisa ninayo, kitambaa mkononi.
Kishindo cha nne, cha tano,
kabla ya cha sita nimesharuka ua,
nimekumbatia mnazi.
Watu walicheka hata mpiga zumari akapoteza pumzi.
Baba hakucheka. Hakunipiga.
Mwezi mzima hakuniita jina.
Kisha akaniambia, macho kayapeleka kwingine:
"Nenda skuli ya Serikali. Huko hakuna pembe."

Sasa kuna waraka umegongwa muhuri:
hapana mchezo bila cheti.
Baba kacheza bila cheti.
Bwana Disii akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini.
Baba akanitazama mimi, si yeye:
"Mwambie marehemu Kombo alipocheza
hakupiga hodi kwa mtu.
Mwambie kama mvua nayo ina cheti,
anioneshe."

Kiingereza kilinikaa mdomoni
kama punje za mchele mbichi.
Nikasema: anasema amekosa, anaomba radhi.
Nikaongeza, sikuombwa: ni mtu mzima, hajui kusoma.

Baba hakulijua hata neno moja la lugha ile.
Lakini alimwona Mzungu anatabasamu.

Shilingi arubaini.
Ng'ombe, jina lake Msiniguse,
akauzwa kwa mchinjaji wa Chake,
na kamba yake ya makumbi, nene kama kifundo cha mkono,
baba akaifunga ndoo ya kisima.
Miaka kumi na mmoja tumechota maji kwa kamba ile.
Hakuniuliza nilisema nini.
Nikimwona anapita na jembe, nilikuwa nikisimama njiani,
labda leo.
"Marahaba," akisema, akapita.

Juzi, matanga yake yameshaanuliwa,
mama anapepeta mchele, hata uso hakuinua:
"Siku ile uliporuka ua
alikuja jikoni, akafunga mlango,
akakaa juu ya mbuzi ya nazi, akalia.
Nikamwambia, Ngwali, mwana ana miaka tisa,
aibu gani hiyo?
Akasema, aibu? Mize, pembe ilikuwa hapa."
Mama akaacha ungo, akanionesha kwa vidole.
Haikutimia shibiri.

Mwezi mzima ule wa kimya
nilikuwa nimeufasiri mimi mwenyewe,
peke yangu, bila kuajiriwa.

Nikaenda kisimani.
Kamba imelika pale inaposugua mdomo wa kisima,
haijakatika.
Nikateremsha ndoo, nikainama,
nikayasema maneno yake kwa Kipemba, moja moja,
la marehemu Kombo, la kupiga hodi, la mvua na cheti.
Kisima kikayarudisha kama yalivyo.

"Wazungumza na nani weye?" mama akaita.

Nikavuta kamba. Ndoo ilikuja nzito.