Mabuti

Jumamosi ile niliyasaka mabuti ya mpira
chini ya kitanda, bafuni, juu ya bati,
nikamlaumu mke, jirani, na mbwa asiye wetu.
Getini kiwandani mlinzi akazitazama ndala zangu:
"Kwenye minofu huingii hivyo, mzee. Rudi."

Nikarudi. Nikapanda Mabatini kwa hasira,
ngazi hadi ngazi, jiwe hadi jiwe,
na huko juu, penye jabali bapa tunapoanikia udaga,
mtaa mzima umekaa kimya.
Mwalimu Leokadia katundika mashuka mawili kwenye kamba ya nguo.
Mchezo wa watoto, nikaambiwa. Unahusu akina baba.
Kaa, unatuziba.

Mtoto wa Bugingo akawa baba wa safari:
begi mgongoni, simu sikioni, "Nipo njiani, nipo njiani,"
akalizunguka jabali mara tatu asifike.
Tukacheka. Mama yake hakucheka.

Ndipo shuka likafunuka
akatoka Kabula wangu,
masharubu ya masizi,
na miguuni, mabuti yangu.

"Shikamoo baba."
"Mmh."
"Baba, nimekuwa wa nne darasani."
"Mmh."
"Baba, hela ya mtihani."
"Mmmmh," na hii akaivuta,
akajikuna shingo vilevile ninavyojikuna.
Watu walicheka hadi machozi, wakageuka kunitafuta.
Nikainamia vidole vyangu ndani ya ndala.

Kisha kukawa alfajiri
(tochi moja na karatasi ya bluu).
Baba katoka zamu. Anainua chandarua.
Ananyoosha mkono karibu na kichwa cha mtoto,
anausitisha,
anaunusa,
anaurudisha mfukoni.

Kumbe alikuwa macho.
Miaka yote hiyo ya barafu na sangara,
kumbe alikuwa macho.

Makofi siyakumbuki. Nakumbuka kasimama mbele yangu,
mabuti kayakumbatia, masharubu yameshuka kidevuni kwa jasho.
"Shikamoo baba. Utanipiga?"
Nikafungua mdomo, ikatoka:
"Mmh-mmh."
Hiyo haikuwamo mchezoni.

Jumatatu nikayavaa. Vidole vikagota karatasi,
kurasa za daftari alizosokomeza ili yamtoshe.
Za kulia nikazitoa.
Za kushoto nimeziacha.
Buti linabana, nachechemea kati ya meza za minofu,
msimamizi anauliza, we mzee, una nini leo?
Namjibu:
mwanangu kawa wa nne darasani.