Ngama

Saa tisa usiku, gati la Norheimsund.
Aslaug anashuka na tochi mdomoni.
Pampu imenyamaza;
ukimya ndio uliomwamsha.

Maji yamefika kwenye betri,
meusi, yananuka dizeli
na tumbaku ya marehemu.

Boya la swichi limekabwa na soksi,
soksi ya Eivind, ya kijivu, kisigino kimetoboka.
Miaka miwili chini ya mbao
ikitafuta pa kuziba.

Anakumba. Ndoo ya mia, ya mia na kumi,
hesabu inampotea.
Penye shafti tone bado linaingia,
halina haraka.

Anakaza nati robo. Robo tena.
Tone linapungua.
Halikomi.

"Na wewe nawe!" anamkemea, sijui nani,
kisha soksi anaikamua,
anaianika kwenye usukani.