Wingi wa Kiatu

Wubbo ana misumari mdomoni, hawezi kunisahihisha.
Hugonga nyundo mara mbili: rudia.

Boek, nasema, boeken. Anaendelea na kisigino.
Tafel, tafels. Sawa.
Huis, huizen; s imelainika ikawa z
kama ngozi iliyolala majini usiku kucha.
Stad, nasema, stadden.
Nyundo. Mbili.
Steden.
Irabu imegeuka sura, na sababu hakuna.

Kind? Kinderen.
Hapo akaitema misumari kiganjani:
mkia wa kwanza ulichakaa, masikio hayakuusikia tena,
wakashonea wa pili juu yake
wala hawakufumua ule wa zamani.
Nikamwambia, hiyo si sarufi, Wubbo,
hiyo ni kazi ya fundi viatu.

Alicheka, akanyanyua buti la postamasta.
Hiki ni schoen. Zamani kimoja kiliitwa schoe,
schoen vilikuwa viwili.
Watu wakazoea kuviona pamoja, pamoja,
mpaka wingi ukawa umoja,
ikabidi kutafuta wingi mwingine: schoenen.

Treni ya Groningen ikapita, kioo kikatetemeka.
Rafuni, viatu vya Hiltje, namba thelathini na nane,
soli mpya, hazijakanyaga Winschoten hata siku moja.

“Sisi hufunga saa kumi na moja,” akamwambia mteja mlangoni.
“Sisi tunapenda kahawa kwanza.”

Nyundo ilikuwa karibu na mkono wangu.
Sikuigonga.